Alama Niliyoifuta Kwenye Bati la Bi Mwajuma

Mwanangu Zaituni uliyeko Tanga,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima. Mama yako goti linamsumbua kwenye ngazi lakini anajikongoja, na mdomo bado anao. Najua ukiona baba kaandika karatasi kwa mkono, kazipiga picha na kuziweka kwenye grupu la ukoo badala ya kukupigia simu, utashtuka udhani kuna msiba. Hakuna msiba. Kuna jambo nilikufanyia ulipokuwa fomu three, na nililifanya mbele ya watu. Kuja kulisema chemba, mimi na wewe tu kwenye simu, naona itakuwa kujificha tena. Kwa hiyo shangazi zako wasome, binamu zako wasome, na mama yako naye asome, maana hata yeye halijui.

Aliyenisukuma ni Rahma. Wiki mbili zilizopita alinipigia kwa simu yako, nadhani ulikuwa dukani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Fomu one inaendaje?"

"Nzuri. Ila hesabu sifanyi."

"Hufanyi au huwezi?"

"Sifanyi babu. Mama kasema kwetu hesabu haipo kwenye damu. Kanihadithia alivyokuharibia bati zima huko bandani kwako Gerezani, Dar! Eti wakamwita Injinia wa Bati Fupi!"

Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akaniambia, kama mtu anayesimulia kitu cha kawaida tu, kwamba kwenye jaribio la majuzi aliandika jina lake juu ya karatasi ya hesabu, akafanya maswali mawili, akalaza kichwa kwenye dawati akasubiri kengele.

Na mimi, Zaituni, nilicheka naye. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa balaa." Nikakata simu. Tangu siku ile chakula kinanishinda, mama yako anadhani ni presha.

Sasa nasema. Bati lile hukuliharibu wewe. Nililiharibu mimi, na nilijua saa ileile kwamba ni mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, ili Rahma naye akija kusoma aelewe.

Mimi ni fundi bati. Nimesoma darasa la saba, nikaletwa Gerezani kwa mjomba kujifunza kazi. Mjomba hakujua kusoma, lakini alikuwa na kanuni yake moja ambayo alinipa kama mtu anayekabidhi urithi. Mteja akija na kitu cha mviringo, pima upana wake wa kati kwa kati, yaani kipenyo. Zidisha mara tatu. Halafu weka vidole vinne juu ya bati, kata hapo. "Mara tatu na vidole vinne." Hivyo vidole vinne vinajumuisha na ule mkunjo wa kuunganishia. Ndivyo nilivyokata ndoo miaka yote, na ndoo zangu hazikuwahi kuniangusha. Mabeseni ndiyo yalikuwa yanarudi. "Fundi, linavuja kwenye mshono." Nikawa nasingizia lehemu, nasema siku hizi wanatuuzia lehemu mbovu.

Wewe ulizaliwa kwenye kelele za kugonga bati. Ulikuwa mdogo unakaa chini ya meza yangu unapanga vipande vya mabaki ya bati, vya duara huku, vya pembe tatu huku, na mtu akikuchanganyia unalia. Ulipofaulu kwenda sekondari tulienda soko la Mchikichini kukutafutia viatu vyeusi vya shule. Muuzaji anapiga kelele, "Mzee, jaribisha mtoto, jaribisha!" na wewe hutaki kujaribu. Ulitoa uzi mfukoni uliopimia mguu wako nyumbani, ukawa unauingiza kwenye kila kiatu. Yule muuzaji akakaa chini akacheka. "Mzee, huyu mtoto wako ni polisi wa viatu." Nilitembea nikirudi nyumbani Mtaa wa Nyamwezi najiona nimevimba kichwa.

Huko shule mlifundishwa kwa Kiingereza. Mnasema sakamfrensi, sisi tuliita mzingo. Mnasema dayamita, sisi kipenyo. Ulikuwa ukirudi unanitafsiria, mimi nimekaa uani nanyoosha miguu, wapangaji wenzetu wanafua, wewe unaongea tu. Mwalimu wenu wa hesabu, Madam Ngonyani, alikuwa na mtindo wake. Hakuwapa jibu. Aliwaambia, nendeni nyumbani, tafuteni vitu kumi vya mviringo, zungusheni uzi, pimeni mzingo, pimeni kipenyo, gawanyeni, mniletee mlichopata. Watoto wengine wakapima vifuniko vitatu wakabuni vilivyobaki. Wewe ulipima sinia la mama yako, chungu, kifuniko cha pipa la taka la nyumba nzima, tairi la baiskeli ya mzee wa chumba cha nne, naye yuko juu ya baiskeli anataka kuondoka.

"Mjukuu wangu, unataka nichelewe kazini?"

"Babu, nusu dakika, zungusha kidogo tu."

Kila kitu kilikupa tatu na kitu kidogo. Ulikuja na macho yamekutoka. "Baba, sinia na tairi havijuani, lakini vina namba moja!" Nakumbuka nilikuitikia tu. Sikuona ajabu ya hilo jambo. Naiona sasa.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nakuomba uikumbuke Jumapili ile pamoja na mimi, maana kabla ya ubaya ilikuwa nzuri sana.

Ulikuja na daftari ukakaa kwenye kigoda mbele yangu, ukasema unataka kuiandika kanuni yangu kwa aljebra.

"Baba, tuseme kipenyo ni x."

"X ndiyo nini?"

"Kitu ambacho hatukijui bado."

"Kipenyo nakijua. Mteja ananiambia."

"Ndiyo baba, lakini kila mteja ana chake. Badala ya kuandika cha huyu na cha yule, tunaandika x, inawatosha wote."

"Kumbe x ni wateja."

Ulicheka mpaka kigoda kikaanguka. Mama yako akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini, ukamwambia, "Baba kasema x ni wateja!" naye akasema, "Na mimi nilipie nini hapo?" akarudi kwenye sufuria yake. Ukavipima vidole vyangu vinne kwa rula, vikawa sentimita saba kamili. Ukaandika: tatu x, jumlisha saba. "Hii ndiyo wewe." Chini yake ukaandika: ishirini na mbili x gawa kwa saba, jumlisha tatu. "Huyu ni Madam, na hizi tatu nimemwongezea mimi kwa ajili ya mkunjo, kwa sababu Madam hajui bati." Halafu ukaziweka sawasawa hizo mbili, ukaniambia tutafute mahali mimi na Madam tunapokutana. Ukatoa huku, ukatoa kule, ukabaki na nne upande mmoja, na sehemu moja ya saba ya x upande wa pili. Nne mara saba. Ishirini na nane.

Ulinyanyuka kama umechomwa. Ukakimbilia ndoo iliyokuwa imening'inia kwenye msumari, ndoo niliyoitengeneza kwa mkono wangu, ukaweka rula kati kwa kati.

"Ishirini na nane! Baba! Kwenye ndoo uko sahihi kabisa, hata milimita huachi! Mjomba wako alikuwa anatengeneza ndoo tu, si ndiyo?"

Ni kweli. Mjomba maisha yake yote alitengeneza ndoo. Hakuna mtu aliyewahi kukuambia. Ulilijua kutoka kwenye daftari.

"Lakini ukienda kwenye vikubwa unapelea baba. Kila sentimita saba za kipenyo zikiongezeka juu ya hapo, unapelea moja. Ndiyo maana mabeseni yanavuja. Mkunjo unakuwa mwembamba."

Hapo ndipo kitu kiliniingia. Miaka ishirini nasema ni lehemu, na mtoto wa fomu three ameniambia ni mimi, tena kwa furaha, tena ananipenda. Na mjomba wangu aliyeninyanyua, umemweka kwenye mstari mmoja na ndoo moja. Ulikuwa hujamtukana. Mimi nilisikia tusi. Nikakwambia, "Bati halisomi daftari." Uliona sura yangu, ukafunga daftari polepole. Ukasema, "Sawa baba."

Siku chache baadaye Bi Mwajuma alikuja. Kwa asiyemjua, Bi Mwajuma alikuwa mkaanga samaki wa soko la Feri, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Pale Feri upepo wa bahari unamlazia moto, mafuta hayachemki, kwa hiyo alitaka kingio la bati lizunguke jiko lake. Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, la mviringo, limeshachomelewa, akalileta kwenye mkokoteni. Kipenyo chake sabini. Kingio lilitakiwa likumbatie lile jiko na lifunge kwa mbele.

Wewe ulikuwa umetoka shule, umeniletea chakula, sare bado mwilini. Ukapima jiko, ukanisogelea ukaninong'oneza, "Baba, mia mbili ishirini na tatu. Ukikata kwa vidole vinne utapata mia mbili kumi na saba, litapelea sita." Ulininong'oneza. Hukusema kwa sauti. Ulinitunzia heshima yangu.

Mimi nikajifanya mkubwa mbele ya mteja. Nikachukua chaki nikakupa. "Haya Injinia, weka alama mwenyewe." Bi Mwajuma akashangilia. "Eeh! Leo nakatiwa na msomi!" Ukapiga magoti juu ya bati, ukanyoosha futi, ukaweka alama, ukapima tena, ukaivutia mstari. Halafu Bi Mwajuma akakutuma chai ya maziwa kwa mama ntilie wa kona.

Ulipoondoka, Fundi Sefu wa banda la pili akaacha kugonga. Akasema, "Kondo, yaani leo unakatiwa bati na sketi ya shule?" Watu wakacheka, akageuka akaendelea na kazi yake. Ni utani tu, Sefu ndivyo alivyo. Lakini mimi nikaitazama ile alama yako. Nikaweka futi. Nikazidisha mara tatu, nikaweka vidole vyangu vinne. Alama yako ilikuwa mbele ya vidole vyangu, na mimi moyoni nikasema, huyu ataniachia ziada, nitaonekana fundi wa kukisia. Nikalamba kidole gumba. Nikaufuta mstari wako. Nikapiga wangu. Hakuna aliyeona.

Nikakata.

Ulirudi na chai wakati tunalizungusha. Lilifika mbele likasimama. Nikavuta, nikagonga, nikavuta. Nafasi ya sentimita tatu, na tatu za mkunjo hazipo kabisa, chuma cha jiko kinaonekana kama kwenye mlango ulioachwa wazi. Bi Mwajuma akalizunguka jiko lake, mikono kiunoni.

"Fundi! Hili ni kingio au kanga ya kuazima? Mbele halifiki!"

Mabanda yote yakacheka. Sefu aliweka nyundo chini ili acheke vizuri. Na mimi pale, nina umri wangu, nina jina langu Gerezani nzima, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Alama si yangu hiyo. Kaweka huyu na hesabu zake za shule."

Ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ukasema taratibu, "Baba, mimi niliweka mia mbili ishirini na tatu."

"Pima basi. Pima mbele ya watu."

Ukaweka kikombe chini. Ukapima. Mia mbili kumi na saba. Ukapima tena kutoka upande mwingine. Halafu ukasema, "Nimechanganya. Nimeandika ile namba ya baba badala ya yangu. Samahani baba. Samahani Bi Mwajuma."

Ulimwomba radhi Bi Mwajuma. Mimi nimesimama pale na vumbi jeupe la chaki yako kwenye kidole changu gumba.

Nililitia kiraka lile kingio. Bi Mwajuma alilichukua ananung'unika kwamba sasa watu Feri watasema anakaangia kwenye kiraka. Sefu akatunga lile jina, Injinia wa Bati Fupi, na kila ukileta chakula wakakuita hivyo, na mimi nikawaacha. Wakati mwingine nilicheka. Halafu nikakwambia usishike tena futi langu, ulete chakula uondoke. Nilijiambia nakukinga na maneno ya watu. Uongo. Nilikuwa siwezi kukuona karibu na bati.

Miezi michache mbele Madam Ngonyani alinifuata kazini kwa miguu yake. Hili hukulijua. Alisimama mbele ya banda, juani, na mkoba wake wa madaftari.

"Baba Zaituni, nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu mwalimu."

"Huyu mtoto alikuwa ananisahihisha mimi ubaoni. Sasa nikimwita anasema, madam mwite mwingine, mimi nitachanganya. Nitachanganya, nitachanganya, kila siku. Nani kamwambia anachanganya?"

Nikamjibu, "Umri huo mwalimu. Wasichana hao, akili zinahama."

Aliniangalia sana. "Akili haihami yenyewe baba," akasema. Akaondoka kuelekea Msimbazi. Ilikuwa nafasi yangu. Mtu alikuja mpaka mlangoni kuniuliza swali lenyewe, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Matokeo ya fomu four yakatoka, hesabu ulipata F. Ulikuwa umesema siku nyingi unataka kusomea upimaji ardhi, utembee na zile mashine za miguu mitatu. Hukusema tena. Miezi ikapita, akaja mumeo na watu wake, mtu mwema, simlaumu kwa lolote na namshukuru. Maisha yako si mabaya. Hilo najua. Lakini mwaka ule mlipokuwa mnaweka vigae nyumbani kwenu nikaja kuwasalimia, nilikuona fundi anakupa futi umshikie upande mmoja, ukarudisha mikono nyuma. "Mimi usinipe, nitawaharibia." Ulisema unacheka. Mimi nilitoka nje kama naenda kuangalia mbuzi.

Sasa kuna kitu kibaya kuliko hivyo vyote, na ndicho kimenichelewesha kuandika.

Baada ya mkasa ule ulilitupa daftari lako kwenye karatasi za kuwashia jiko. Mama yako akaniwekea zile karatasi bandani, za kuwashia mkaa wa kuyeyushia lehemu. Nikaikuta ile karatasi ya hesabu yetu. Tatu x jumlisha saba, "baba". Chini yake ile nyingine. Niliikunja nikaiweka mfukoni, na nikaanza kuitumia. Mara ishirini na mbili, gawa kwa saba, ongeza tatu. Beseni la kwanza nililolikata kwa hesabu yako halikurudi. La pili halikurudi. Nikathubutu mapipa, nikathubutu madohani ya tanuri za mikate, nikathubutu matangi ya maji ambayo sikuwahi hata kuota kuyagusa. Watu wakaanza kutoka Temeke, kutoka Mbagala, wanauliza, yuko wapi Mzee Kondo wa vitu vikubwa. Sefu akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Uzoefu tu." Nikawafundisha mabanda yote. Leo ukipita Gerezani, pale mabasi ya mwendokasi yanapokata kona, ukimuuliza fundi yeyote anakata vipi tangi, atakwambia anatumia hesabu ya Kondo.

Hesabu yako ina jina langu, mwanangu. Na wewe ukabaki na lile jina la kukucheka.

Ijumaa iliyopita, tumetoka msikitini, watu wamekaa wanakunywa kahawa, nikasimama. Sikuwa na hotuba. Nikasema, "Lile bati la Bi Mwajuma, mstari nilifuta mimi. Zaituni aliweka sawa. Na hii hesabu mnayoitumia ni yake, niliiokota kwenye daftari lake." Wengine ni wageni hawakuelewa. Sefu alielewa.

"Kondo, unatania."

"Sitanii."

"Kwa hiyo miaka yote hii nakata bati kwa hesabu ya Zaituni?"

"Ndiyo."

Akaweka kikombe chake chini. Halafu akasema, "Na mimi ndiye niliyemtungia lile jina." Nikamwambia, "Jina ulitunga wewe, sababu nilikupa mimi." Nilidhani ataniomba nikufikishie salamu zake. Akakataa. "Usimwambie kitu kwa niaba yangu. Nipe namba yake." Nimempa. Akipiga, usipokee kama hutaki.

Jumamosi nikaenda Feri kumtafuta Bi Mwajuma. Wakaangaji wenzake wakaniambia alishafariki, mwaka wa tatu huu. Nilisimama pale kwenye moshi wa samaki kama mtu aliyepotea. Yeye ameondoka anajua ni wewe. Hilo sina pa kulirudisha tena, na nimeliona jinsi lilivyo zito kwa sababu nyie wengine bado mpo.

Kuna swali limenikaa. Ulipopima ile mara ya pili ukaona mia mbili kumi na saba, ulinyanyua uso ukanitazama kabla hujasema umechanganya. Ulikuwa mtoto mwenye akili kali. Ile namba uliijua ni ya nani. Siku nyingi nimejidanganya kwamba uliamini kweli umekosea. Sasa nafikiri pengine ulielewa pale pale, ukaamua kunibebea. Kama ndivyo, basi ulikuwa na miaka kumi na sita ukamstahi mtu mzima ambaye hakukustahi wewe, na ukaendelea kunistahi mpaka ukalifanya jambo lenyewe kichekesho cha kumsimulia mwanao. Na kama hukuelewa, basi umeishi muda wote huu huyaamini macho yako, na aliyekufanya hivyo ni baba yako. Sijui lipi ni baya zaidi. Yote mawili ni yangu.

Sikuombi unisamehe hapa kwenye grupu. Na nyie shangazi zake, nawajua, mkimaliza kusoma mtaanza kuandika "msamehe baba, mzazi ni mzazi". Msimwandikie hivyo. Mwacheni. Zaituni, ukitaka kukaa kimya mwezi, kaa. Ukitaka kunitukana, namba yangu unayo, nitasikiliza mpaka mwisho.

Ninachokuomba ni kimoja, na si kwa ajili yangu. Rahma analaza kichwa kwenye dawati kwa sababu ya uongo wangu. Yeye hamjui Bi Mwajuma, hajawahi kuliona banda langu, na bado uongo huo umemfikia. Mimi naweza kumwambia kwenye simu, lakini atadhani babu anamfariji. Akisikia kwako ataamini. Kabla hujaamua lolote kuhusu mimi, mwite ukae naye. Usimfundishe chochote kama huna moyo huo. Mwambie tu kwamba ile hadithi aliyoizoea si kweli. Mwambie mama yake alikuwa sahihi, na babu yake alijua.

Wasalimie mumeo na watoto. Namuomba Mungu akupe wepesi ukishaimaliza hii barua, maana mimi kuiandika kumenitoa jasho.

Ni mimi baba yako,
aliyefuta mstari wako.
Gerezani, Dar es Salaam.